Makuti Niliyoyang'oa kwa Mikono Yangu

Ndugu zangu, kaeni. Msinipigie makofi bado, hamjajua nitasema nini, na wengine mkishasikia mtatamani kuyarudisha makofi yenu. Wakubwa nawaamkia, shikamooni. Yule mzee aliyeketi karibu na mlango, mwenye mkongojo, namwamkia peke yake. Mzee, nitakufikia, naomba usiondoke kabla sijamaliza.

Mnanijua kama mama anayeongoza maombi ya Jumatano, na mnasema nina sauti. Ni kweli, ninayo. Leo nataka mnijue vingine, kama mtu wa kwanza kuibomoa nyumba hii mliyoketi ndani yake. Inueni macho. Ile safu ya chini kabisa ya paa, upande wa mlango, ni makuti yangu. Niliyatoa sadaka, nikayang'oa, nikayarudisha, na leo nasimulia yote matatu.

Wageni mliokuja juzi hamkumwona mtu aliyetukusanya. Alikuwa mwezekaji wa mapaa, nasi tulimwita Fundi. Hakusomea uchungaji popote. Kusoma alijifunzia gumbaru, darasa la watu wazima, akiwa tayari na mvi, na mpaka mwisho alikuwa akifuata mstari kwa kidole. Lakini alikuwa akikisoma kisa cha Bwana kufufuka utadhani kimetokea jana hapa Malindi, hapa Muyeye, nyuma ya kisima. Tulikuwa watu kumi na wanne bila yeye, tukisali uani kwangu, na majirani wakatuzoea.

Mwaka ule wa themanini na nne mvua ilikataa. Tulikula mahindi ya manjano, na mnayakumbuka yalivyonuka. Mwaka huohuo wa njaa, Fundi akasema tujenge. Tulimwona kama amepigwa na jua. Akasema hatuna kitu, lakini mikono tunayo na minazi bado imesimama, kila mtu ashone makuti yake alete. Basi tukashona, kila mmoja kwake. Mimi nilikuwa wa kwanza kuleta, na nilijivuna, siwafichi. Paa la makuti huanzwa chini, kwenye ukingo, kisha safu ya juu hulalia ya chini mpaka kileleni. Kwa kuwa niliwahi, makuti yangu yakawa safu ya kwanza. Mshono wangu naujua hata nikifumba macho, maana mama yangu alinifundisha kuvuta kamba mara mbili pale wengine wanapovuta mara moja.

Paa lilipofika nusu, Fundi akaitwa kuezeka hoteli kule Bofa. Akasema akimaliza atarudi kumalizia letu. Siku ya pili mguu ulikosa boriti, akaanguka. Hakuongea tena.

Nawaambia nilivyohisi, ndugu zangu, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Nilikasirika. Nilimkasirikia Fundi, mtu aliyetembea juu ya mapaa miaka yote kama paka, akashindwa siku ile kuona boriti. Na nilimkasirikia Mungu. Nilimwuliza, wewe uliyemtoa mwanao kaburini, umeshindwa kushika mguu mmoja wa mzee?

Tukaenda kumzika kwao, shambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Ilikuwa hanga kubwa, matanga ya kwao, watu wa ukoo wamejaa, na hawakutupenda. Walisema dini yetu mpya ndiyo iliyomwangusha, kwamba aliwaacha wazee wake, nao wakamwacha. Ndipo ami yake akasimama mbele ya watu wote, akasema maneno haya, nayakumbuka moja moja: "Marehemu alikuwa na watu wake wa maombi huko Malindi. Wako wapi? Wasimame watuambie mtu wao alitaka azikwe vipi."

Alituuliza kwa heshima, ndugu zangu. Hakututukana. Alitupa nafasi.

Nasi tulijua. Fundi alikuwa ametuambia mara nyingi, kwa mzaha na kwa kweli, kwamba siku yake ikifika asililiwe bali aimbiwe, na wimbo alioutaka tuliujua. Tulikuwa kumi na wanne pale, tumetawanyika katikati ya watu kama mtu na mwenziwe hawajuani. Nilitazama chini. Nilikuwa na uzi uliochomoza kwenye leso yangu, nikauvuta, nikauvuta. Hakusimama mtu. Ami akangoja kidogo, kisha akasema basi, akageuka, wakamzika wanavyojua wao. Wimbo haukuimbwa.

Sasa nifuateni hapa. Siku ya tatu baada ya maziko niliamka kumepambazuka, nikaoga, nikavaa leso safi, nikaondoka bila kumwambia mume wangu ninakokwenda. Miguu ilinipeleka kule shambani. Nilijiambia naenda tu kuwapa pole wafiwa. Uongo. Siku ya tatu, ndugu zangu. Mnajua nilikuwa nangoja nini. Mtu ametusomea kisa kile miaka mitano, kidole kwenye mstari, mlitaka tufanye nini?

Nilipofika kaburini niliwakuta wenzangu sita. Kila mmoja alikuja kwa njia yake, kila mmoja kwa siri. Tulitazamana kama wezi wa kuku. Udongo ulikuwa vilevile tulivyouacha. Tukasimama mpaka jua likaanza kuchoma, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuondoka.

Ami akatukuta. Hanga ilikuwa bado haijaanuliwa, nyumba yao iko hatua chache tu kutoka kaburini. Akauliza tunatafuta nini. Mmoja akasema anatafuta dawa ya mizizi. Mwingine akasema amepotea njia. Mimi nikasema natafuta mbuzi wangu. Mbuzi, ndugu zangu, atoke Muyeye mwendo wa saa mbili aje kulala kaburini kwa watu. Cheka, cheka tu, dada, hata ami yake alitaka kucheka. Lakini wanawake waliokuwa hangani walikuwa wameelewa, na kabla ya Ijumaa mji mzima ulikuwa na jina letu: Wangojea Kaburi.

Hapo ndipo tulipovunjika. Mnahubiriwa habari za wanafunzi wa Bwana mpaka mnadhani walizaliwa na ujasiri. Mimi nawajua. Wale walikuwa watu waliofunga mlango kwa komeo wakiogopa kila hatua ya mguu nje. Mmoja wao alikana mara tatu akiota moto na watu. Mimi ningekuwa na afadhali kama ningekana mara tatu tu. Nilikana bombani nikichota maji, nikakana sokoni, nikakana kwa shemeji yangu, na kwingine hesabu ilinipotea. Mwanamke mmoja aliniuliza, si wewe ulikuwa nao? Nikasema, mimi walikuja kusalia uani kwangu tu, ningewafukuzaje? Na wale wengine wa Bwana walirudi kwenye nyavu zao. Nami nilirudi kwenye fito zangu, nikashona makuti ya hoteli.

Mwezi haukupita, mvua chache zikaonekana na banda langu la mbuzi likawa halina paa. Nikakumbuka makuti yangu. Nilikwenda adhuhuri, watu wamejilaza, nikaweka ngazi, nikaanza kukata kamba. Lakini safu yangu ndiyo ya chini, nyingine zimeilalia. Ili niitoe ilinibidi nilegeze ya pili na ya tatu. Nikalegeza. Nilibeba makuti yangu mafungu manne, nikaezekea mbuzi. Wenzangu walipoona paa limening'inia, wakaja mmoja mmoja kuchukua yao yasije yakaoza. Kufikia mwisho wa juma, nyumba ya Mungu ilibaki boriti tupu. Hakuna adui aliyetubomolea, msimsingizie shetani. Nilibomoa mimi.

Basi nikakaa hivyo miezi. Sikusali. Nilikuwa nikipita mbali nisizione zile boriti.

Mwenye nyumba ninayoishi ni bibi wa Kiislamu, mtu wa mji tangu babu zake, na mdomo wake mnaujua. Asubuhi moja alipita uani akielekea kununua samaki, akasimama mbele ya banda. Nikamwambia shikamoo Bi, akaitikia marahaba huku macho yako juu.

"Mwanangu, makuti haya si yale ya nyumba yenu ya ibada?"

Nikamwambia ndiyo, lakini mambo yale yamekwisha, mwenyewe amekufa.

"Amekufa nani? Mungu?"

"La, Bi. Fundi."

"Basi makuti ulimpa Fundi, ama ulimpa Mungu?"

Nikashika ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akanitazama, kisha akasema taratibu, bila ukali: "Sisi Mtume wetu alifariki zamani, hata babu wa babu yangu hakumwona. Na alfajiri ya leo, hukusikia adhana?"

Niliisikia. Huniamsha kila siku. Akajitanda buibui lake akaenda zake kununua samaki.

Ndugu zangu, sikuona malaika. Wale wa kwanza walimwona Bwana kwa macho, wakala naye samaki ufuoni, na kila nikisoma hapo naona wivu. Mimi sikuona kitu. Fundi hakufufuka, nasema wazi, na atakayewaambia alimwona njiani mwambieni nimesema anaongopa. Nilipata maneno ya bibi mmoja na nikaona haya. Ile haya ndiyo iliyonisimamisha.

Nikapanda kwenye banda nikayashusha. Mengine mbuzi walikuwa wameyatafuna, nikashona mapya usiku na mchana mpaka hesabu ikatimia. Kisha nikayabeba mchana kweupe, kichwani, kupitia katikati ya Muyeye, bombani palepale nilipokana. Nilichagua njia ile makusudi. Wakaniita: Mngojea Kaburi, amefufuka lini? Nikawaambia, "Hajafufuka. Nipisheni, nina kazi."

Nilipofika nilimkuta mwenzetu mmoja, baba wa kutoka bara anayefua nguo hotelini, ameketi juu ya fungu la makuti. Alikuwa ameyarudisha yake wiki mbili nyuma. Nikamwuliza mbona hajayapandisha. Akasema, "Nakungoja wewe. Yangu ni safu ya pili."

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, ile iliyokatazwa na Fundi. Wiki mbili mtu ameketi juani, ananingoja mimi niliyelegeza kamba zake nikamwachia makuti yananing'inia, na hakuja kunigombeza, wala hakuiruka safu yangu.

Mafundi wa mtaa walikataa kuezeka, wakasema nyumba ina mkosi. Wakasema pia mwanamke hapandi paa. Nikafunga leso kiunoni nikapanda. Msidhani nilikuwa shujaa, nilikuwa nikiona boriti naona Bofa. Lakini nilifunga safu yangu, kamba mara mbili kama mama alivyonifundisha. Yeye akafunga yake. Kesho yake wakaja watatu, na kila aliyekuja alikuta mahali pake panamngojea. Wawili hawakurudi mpaka leo, na pengo lao tuliliziba kwa makuti ya kushirikiana. Na lile jina la Wangojea Kaburi tuliacha kulikataa. Niiteni. Ndiyo, tulingoja kaburini, tulipenda kiasi hicho. Anayecheka atuonyeshe mtu ambaye yeye angemngojea.

Namshukuru Bi, ambaye leo hayupo hapa na hatakuja, ana ibada yake, lakini ametuletea mkeka ule mliokalia wazee. Namshukuru baba wa bara aliyengoja. Namshukuru mume wangu, aliyejua siku ile sikwenda kutafuta mbuzi na hakuniuliza mpaka nilipomwambia mwenyewe. Na kwako uliyeanguka, uliyeketi hapo ukijiambia ngoja kwanza nipate moyo ndipo nirudi, nakuambia moyo hautatangulia. Beba makuti yako na hofu yako, moyo utakukuta njiani. Na kumbuka kuna mtu ameketi juu ya fungu lake, hawezi kuanza kwa sababu yako.

Sasa, mzee wangu wa mlangoni. Ndugu zangu, huyu ndiye ami yake Fundi. Nilimwalika mimi, na sikudhani angekuja.

Mzee, miaka minne iliyopita uliuliza watu wake wako wapi, wasimame. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nikivuta uzi wa leso. Leo nimesimama. Mimi ni mtu wake. Uliuliza alitaka azikwe vipi. Alitaka wimbo, tulikuwa nao kinywani, tukaumeza. Kosa lile ni letu, si la ukoo wako.

Kwa hiyo naomba ruhusa mbele ya hawa wote. Kesho asubuhi, ukikubali, tutakuja shambani kwako, sote, tukipita njia kuu. Tutasimama pale kaburini na tutaimba. Na ukituuliza tunatafuta nini, mzee, hakuna atakayekuambia mbuzi.