Fundi Lifti, Aliyedhani ni Mafua Tu

Ndugu, jamaa na marafiki, tunaomba utulivu wenu, tuwasomee safari ya mpendwa wetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Lifti.

Alizaliwa Machi 1971, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshonaji, akasoma shule ya msingi hadi 1985, kisha chuo cha ufundi, na tangu 1992 alitengeneza lifti za maghorofa, ingawa mwenyewe alikataa katakata kupanga ghorofani, akisema nyumbani anataka kukanyaga ardhi. Mwaka 1998 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi uliopita alishikwa na mafua makali, homa ikamlaza, ikapoa, akarudi kazini huku akihema kwa ngazi chache tu. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda kapimwe," naye akajibu, "Haya ni mabaki ya mafua, yataisha yenyewe."

Jumanne, mama mjamzito alikwama kwenye lifti ya jengo la ofisi, marehemu akapanda kwa miguu hadi chumba cha mitambo, kifua kikimbana, maumivu yakimshuka mkono wa kushoto, wala hakuacha mpaka mlango ulipofunguka na yule mama akatoka mzima. Ndipo akaketi sakafuni, jasho likimtoka, akamwambia mlinzi, "Mpigie mke wangu, mwambie alikuwa sahihi."

Madaktari walihangaika naye hadi jioni, lakini bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa moyo. Walitueleza kwamba maambukizi ya virusi huweza kuivimbisha mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi, hata homa ikishaondoka. Baadhi ya wazee walitaka sehemu hii irukwe, mjane akakataa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake, na mlinzi yule aliyempakata hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Lipo jambo moja. Mdogo wake marehemu, aliyeugua mafua hayohayo katika nyumba hiyohiyo, tangu jana anajishika kifua na kusema ni uchovu wa msiba, na mjane ameapa kwamba jeneza halinyanyuliwi mpaka shemeji yake aende hospitali.

Tumesubiri. Sasa mdogo wake ameinuka, binti mkubwa wa marehemu amemshika mkono, wanaelekea kwenye gari.

Pumzika, Fundi. Safari hii tumemsikiliza mkeo.