Athanase na Sebule ya Mikeka

Marehemu Athanase alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alisoma hukohuko hadi akamaliza sekondari mwaka 1991. Walimu walimsifu kwa hesabu, majirani kwa kupenda kula kwa watu.

Mwaka 1999 alikwenda Nagoya kununua magari yaliyotumika, akapanga kwa bibi mmoja wa Kijapani. Kila jioni familia ile ilikaa sebuleni juu ya mikeka, miguu ya wote chini ya meza fupi iliyofunikwa blanketi, wakila na kutaniana. Athanase alirudi akisema huko ndiko alikojua maana ya nyumba.

Alimwoa Bertila mjini Bukavu, 7 Agosti 2004, wakahamia hapa Guangzhou, akawa anasafirisha nguo za Kangle, mtaa wa viwanda vya kushonea. Sebuleni aliondoa makochi yote, akatandika mikeka. Bertila alinuna, kisha akaizoea. Lililomkaba rohoni ni Kethia, mteja kutoka Lubumbashi, mcheshi, manukato yake yanabaki hadi kesho. Kila akija, Athanase alimkalisha ndani kabisa, penye picha na chombo cha maua, na Bertila karibu na mlango wa jiko. Wivu ulimla Bertila miaka. Chai ya Kethia aliipeleka bila sukari, makusudi.

Siku moja yakamfika shingoni. "Baba Loïc, ile fasi ni yangu ao ya ule mwanamuke?"

"Ile ni fasi ya wageni, Mama Loïc," Athanase alimjibu. "Kwa Wajapani, mama wa nyumba anakaa karibu na jiko. Weye uko mugeni?"

Hakumwamini. Nani angeamini?

Januari mwaka huu ini lilimlaza Athanase. Alipotoka hospitali, Bertila alimtandikia kule ndani, penye maua. Mgonjwa akajikokota hadi mlango wa jiko, akalala ubavuni mwa mkewe.

"Usinifanye mugeni," alimwambia.

Hapo ndipo alipofariki, tarehe 9 Machi 2025, mkono wake mkononi mwa Bertila.

Kethia alikuja kulia nasi. Bertila alimpokea mwenyewe, akamkalisha ndani kabisa, kisha akarudi zake mlangoni.

Marehemu ameacha mjane, Bertila, mtoto, Loïc, na dada, Brigitte, anayewasomea haya. Kethia naye ametajwa, na Bertila ameomba isomwe kwa sauti kwamba ni mgeni.

Bwana ampokee Athanase, amkalishe pamoja na wenye nyumba.