Kuku Mmoja Hadi Alhamisi

Jumapili ile, kitu cha mwisho alichofanya Mwanahija kilikuwa kubandika karatasi ya "Alhamisi" kwenye mfuniko wa kopo la nne, kulisukuma ndani ya friza, na kuufunga mlango kwa goti kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta. Akamwambia mumewe anajilaza kidogo. Saa kumi Abdulsamad alikwenda kumwamsha wanywe chai, naye hakuamka. Zilipita wiki saba. Sasa ilikuwa Jumatano jioni, Novemba ya mwaka 1998, na watu wanne walikuwa wamebanana kwenye benchi la mbao za kufungia mizigo, mbele ya duka la wakala wa kargo pale Xiaobei, huko Uchina, chini ya barabara ya juu. Dullah wa Kariakoo, waliyemwita Kontena kwa sababu hadithi zake zote zina kontena lililopotea, ndiye aliyeshika chupa ya kahawa. Gitau wa Nairobi, Injinia, aliwahi kutengeneza redio moja tu maishani. Kauthar wa Mombasa, Bi Mizani, hanunui kitu bila kukipima kwa kiganja. Abdulsamad mwenyewe aliitwa Profesa, maana alisoma kemia chuo kikuu kabla ya kuuza viatu.

Wote wanne walikula chungu kimoja, nyumbani kwa Abdulsamad, ghorofa ya saba. Mwanahija alipika mara moja tu kwa wiki: kuku mmoja, maharage, wali, chapati. Akagawa kwenye makopo, na chakula kikafika Alhamisi. Sasa alipika Abdulsamad. Muuza kuku yule yule, sufuria ile ile, maharage ya kupimwa kwa kikombe kile kile. Chakula kiliisha Jumatano mchana. Wiki ya nne hiyo tangu aanze kupika.

— Leo nimelamba mwiko, jamani, — alisema Kauthar. — Mwiko wenyewe ulishalambwa.

— Profesa, usiniskie vibaya, — alisema Gitau. — Lakini hii maneno ikiendelea hivi, heri kila mtu ajipange. Mimi kuanzia kesho naenda kwa yule msee wa tambi pale kona.

Abdulsamad alikizungusha kikombe chake. Hakuwa na hofu ya njaa. Chungu kikivunjika, jioni zote atapanda ghorofa saba kwenda kukaa na friji.

— Mdomo mmoja umepungua, — alisema taratibu, — na chakula kinaisha mapema zaidi. Hilo ndilo silielewi.

— Mimi naelewa, — alidakia Dullah. — Kuku wa shemeji hakuwa kuku huyu. Shemeji alijua kuongea na yule laoban, mwenye kuku wa sokoni. Anamwita bosi, anamwuliza hali ya mama yake, anapewa kuku wa chini ya meza. Wewe unafika na uso wa mtihani, unapewa njiwa.

— Nilimpima. Kilo moja na nusu. Kama zamani.

— Ni kukata, buda! — Gitau alipiga paja. — Mkeo alikuwa anakatakata na lile panga la Wachina. Vipande ishirini na nane, nilihesabu siku moja. Macho yanashiba kwanza, tumbo linafuata.

— Mimi nimekata thelathini na viwili.

— Basi umezidisha. Macho yamechanganyikiwa.

Kauthar aliweka kikombe chini.

— Nyote hamjui jiko. Siri ni barafu. Maharage yakiganda huvimba. Nimeona kwa macho yangu mfuniko umeinuka.

— Maji yakiganda huongezeka kwa karibu sehemu moja katika kumi na moja, — alisema Abdulsamad. — Yakiyeyuka hurudi yalivyokuwa.

— Si umesikia? Yanaongezeka! Profesa mwenyewe kasema.

— Kwa hiyo tuyatafune yakiwa barafu? — aliuliza Gitau.

— Wewe tafuna tambi zako.

Dullah aliinama mbele, akapunguza sauti kama mtu anayetaka kutaja bei ya siri.

— Niwaambie kitu? Mimi nilisikia sauti bafuni mwao. Ko, ko, ko. Shemeji alikuwa na kuku wa pili.

— Ile ilikuwa bomba, Kontena, — alisema Gitau.

— Bomba gani linaloacha kulia siku ya Jumapili?

Walicheka, na Abdulsamad naye akacheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

— Lipo kopo la tano.

Kauthar alimgeukia.

— La tano lipi?

— Nyuma kabisa ya friza. Halina karatasi. Sijalifungua.

— Hapo sasa! — Dullah alisimama. — Hiyo ndiyo dawa yenyewe! Kijiko kimoja tu unatia kwenye chungu, watu wanashiba mpaka wanasaza.

— Itakuwa nazi ya Pemba, — alisema Kauthar.

— Itakuwa unga wa Wachina, — alisema Gitau. — Ule wa kuvimbisha. Wako nao, hawa watu. Ukiwauliza wanakwambia meiyou, hakuna, na uko hapo kwenye shelfu nyuma yao.

Pembeni mwa benchi alikuwa amekaa Domina, juu ya begi lake. Alifika juzi kutoka Mwanza kununua mikoba, na Kauthar alikuwa amempa nusu ya kitanda. Kesho mchana angepanda basi la kwenda Shiling, kwenye mikoba hiyo. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, akiviweka vidole vyake kwenye kikombe ili vipate joto.

— Samahani, mimi mgeni, — alisema. — Huyo dada, yeye mwenyewe alikuwa anakula nini?

— Si hicho hicho, — alisema Dullah. Akakaa.

— Alikuwa anakaa wapi? — alijiuliza Kauthar. — Mimi nilikaa dirishani. Kontena hapa. Injinia mlangoni, na Profesa…

— Alikuwa anasimama, — alisema Gitau. — Pale mlango wa jikoni. Na kitambaa begani.

— Na sahani? — aliuliza Domina.

Gitau alitazama mikono yake mwenyewe.

— Nakumbuka kitambaa.

— Alikuwa akisema ameshaonja jikoni, — alisema Kauthar. — Kila siku. Ah. Kila siku.

Wakamgeukia Abdulsamad. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na miwili. Alijua namba ya kiatu chake, alijua upande aliolalia. Sahani yake hakuikumbuka. Dullah aliinamisha chupa ili amwongeze kahawa, zikatoka chicha tu.

Asubuhi yake Abdulsamad aliamka kabla ya alfajiri, akalitoa kopo la tano na kuliweka juu ya mvuke. Lilipolegea alitoa vilivyomo kimoja kimoja, akavipanga juu ya sinia. Ukoko wa wali, umevunjwa ili uenee. Mgongo wa kuku na shingo. Ncha za mabawa. Kingo za chapati zilizoungua. Chini kabisa, maji mazito ya maharage. Vyote hivyo, Jumapili nne mfululizo, Abdulsamad alivifunga kwenye mfuko na kuupeleka chini kwenye pipa la taka. Kumbe Mwanahija alivichemsha kuongezea mchuzi wao, na makombo yake ndiyo yaliyokuwa sahani yake.

Alichemsha mgongo na shingo ndani ya maji ya maharage, akatia tangawizi na chumvi. Saa moja sufuria ilikuwa imejaa nusu. Akaenda kuwagongea.

— Si chakula kiliisha jana? — aliuliza Gitau, ana usingizi bado.

— Leo Alhamisi. Njoo ule.

Walikuja wote, na Domina akaja na begi lake. Abdulsamad aliwamiminia supu, akajimiminia na yeye, akakaa mkekani pamoja nao. Kisha akaleta ukoko, akauvunja vipande vitano.

— Hiki nini, Profesa? — aliuliza Dullah.

— Chakula cha Mwanahija.

Kila mmoja alichukua kipande chake. Ukoko ulikuwa mgumu, nao waliutafuna kwa muda mrefu.