Neno Alilolimaliza Mwenyewe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Madaraja, Mheshimiwa Mhandisi Mkuu, wahandisi na mafundi wa idara hii, wazee wa familia yetu mkiongozwa na mama, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mchana huu ili tumuage mdogo wangu: nawasalimu kwa heshima na kwa moyo mweupe.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea kuongea na mtu mmoja mmoja, tena akiwa mbele ya kioo analalamikia kiuno. Nikiteleza, mnivumilie.

Mdogo wangu anaondoka kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Hapa kazini mnamwita Bwana Taratibu, na sababu mnaijua. Ana kigugumizi tangu utotoni, na herufi inayomtesa kuliko zote ni K. Anapenda kahawa, lakini kwa miaka mingi hotelini ameagiza chai, kwa kuwa chai hutoka mdomoni bila vita. Sasa niambieni, ndugu zangu: mtu wa namna hiyo, kati ya mambo yote ya duniani, kwa nini achague kutafiti kutu?

Ndiyo, kutu. Ile inayokula nondo ndani ya zege, mahali jicho lisipofika, hadi siku daraja linapasuka na watu wanaanza kuulizana lilianza lini kuoza. Wengi walidhani ataomba kuchunguza kigugumizi. Yeye alisema hicho anakijua vya kutosha.

Nilikuwa sijui kwamba kabla chuo hakijakupokea, sharti kwanza umpate profesa atakayekubali kukusimamia. Wa kwanza aliandikiwa, akawa kimya. Wa pili alijibu kwa adabu kwamba wanafunzi alionao wanamtosha. Jioni ile mdogo wangu alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akasema labda mambo haya yana wenyewe.

Mheshimiwa Mhandisi Mkuu, nakushukuru mbele ya watu. Ni wewe uliyemwita ofisini, ukasoma pendekezo lake la utafiti, ukamwambia ni zuri ila linataka kutibu madaraja ya dunia nzima kwa mpigo. Ukamshauri ashike yale tu yaliyo karibu na maji ya chumvi. Akalipunguza, akaliandika upya, akamtumia profesa wa tatu, mama mmoja bingwa wa zege. Huyo alijibu kwa maswali. Yalipojibiwa, akaleta mengine. Mwishowe akasema: njoo kwenye usaili.

Hapo ndipo roho zetu ziliporuka. Maana usaili ni nini kama si kuongea? Mhandisi Mkuu ulijitolea kuwaandikia wasaili uwaeleze hali yake. Alikushukuru, akasema atawaambia mwenyewe.

Usaili aliufanyia dukani kwangu, kwa kompyuta, kwa sababu mtandao wa pale haukatikikatiki. Nilizima cherehani, nikafunga mlango. Mama na mimi tukajibanza pembeni tusionekane. Wasaili walikuwa watatu, yule profesa akiwa mmoja wao. Walipomsalimu, alivuta pumzi akasema:

"Nina kigugumizi. Nitamaliza kila sentensi nitakayoianza. Naomba mnisubiri."

Hata neno lenyewe, kigugumizi, linaanza na K. Lilichukua muda wake.

Mambo yalikwenda vizuri hadi msaili mmoja alipouliza ni kitu gani hasa kinacholipasua zege. Mdogo wangu akafungua mdomo, akakwama kwenye silabi ya kwanza. Yule bwana, kwa nia njema kabisa, akamsaidia: "Kuta?" Mdogo wangu akatikisa kichwa. Nikamtazama mama. Mama amemjibia mwanawe tangu akiwa mdogo, dukani, shuleni na kwa daktari, na midomo yake ilishaanza kuliumba lile neno. Nikamshika goti. Yule profesa hakuangalia karatasi zake, hakuangalia pembeni. Alisubiri tu.

"Kutu," akasema mdogo wangu.

Baada ya hapo, wallahi, maneno yalimiminika. Akaeleza kwamba kutu huvimba, ikahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikalisukuma zege kutoka ndani. Kwamba ufa tunaouona nje ni habari ya zamani. Profesa akaanza kuandika.

Jibu lilikuja Jumapili, tukiwa mezani kwa mama. Alisoma, akanipa simu nami nisome, kama mtu asiyeamini macho yake. Amekubaliwa. Mimi nililia, na sikuona haya. Mama akainua simu yake ampigie shangazi, mkubwa wa ukoo wetu, na ilipoanza kuita, mdogo wangu akanyoosha mkono aipokee. Yeye, ambaye simu huzikwepa kama deni. Mama akampa.

Neno alilotaka kusema ni "nimekubaliwa", na wenyewe mnaona K imekaa wapi. Chakula kikapoa. Shangazi si mtu mwenye subira, sisi wa familia tunamjua, lakini hakukata simu. Hakuna pale mezani aliyefungua mdomo. Likatoka, zima.

Tukamsikia shangazi akisema polepole: "Nimekusikia, mwanangu. Hebu niambie tena."

Akamwambia tena.

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wote, kwa niaba ya mama na familia yetu nawashukuru kwa kumlea kazini na kumwachilia kwa amani. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.