Mahandaki Yaliyonirudishia Kichwa

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine mliofika na wagonjwa wenu, poleni na safari. Nimeombwa niseme kidogo. Nikisahau neno katikati mnivumilie, wenyewe mnajua kilichonipata.

Mimi nilikuwa nauza kwenye duka la vipuri vya magari hapa mjini Sumbawanga. Ni miaka ile biashara zilipofunguliwa, magari ya mitumba yakawa yanaingia kupitia Tunduma kila kukicha, na kila gari lililopanda huku kwetu lilifika likilia. Duka la tajiri wangu lilijaa mpaka darini: beringi, gasketi, fenibelti, filta. Dereva alikuwa hajamaliza kueleza shida yake, mkono wangu umeshafika kwenye boksi. Watu walinipenda kwa hilo. Na mimi nilijipenda kwa hilo.

Kisha tukapinduka. Nilipanda lori la mahindi kutoka Laela, nimekaa mbele na dereva. Ajali yenyewe siikumbuki. Nakumbuka vumbi la mahindi puani, halafu nakumbuka dari ya wodi. Mkono ulipona, mbavu zikapona. Kichwa ndicho kilichogoma.

Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa usioonekana una upweke wake. Watu walikuja kunijulia hali, wakasema, “Mbona umepona kabisa!” Kumbe asubuhi ile ile mke wangu alinituma chumvi, nikasimama njiani nalia, sijui nimetumwa nini wala nyumba yangu iko upande gani. Tajiri alinirudisha kazini kwa huruma. Dereva akataka beringi, nikampa plagi. Nikashusha maboksi yote nikitafuta, mwisho nikaketi chini katikati yake. Tajiri hakunifokea. Alisema tu, “Nenda nyumbani ukapumzike, mwanangu.” Heri angenifokea.

Nikajifungia ndani. Ilifika mahali nikamwambia mke wangu awachukue watoto arudi kwao, asiteseke na mtu kama mimi. Alichukua beseni lake la maandazi akatoka.

Sasa sikilizeni. Mke wangu alikuwa anapeleka maandazi kwenye chumba kimoja karibu na stendi, kilichokuwa na kompyuta ya mitumba. Aliyekiendesha ni dada mmoja, wazazi wake ni wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani wakakaa kule bondeni, upande wa Ilemba. Dada huyo alichapa barua za watu, na kazi ikikosekana alicheza gemu. Siku hiyo mke wangu alimsimulia habari zangu akilia. Dada akauliza, “Macho yake yanaona?”

“Yanaona.”

“Basi mlete.”

Nilikwenda shingo upande. Mtu mzima nikacheze gemu?

Ndani ya gemu lile kuna mtu mwenye upanga anayeshuka kwenye mahandaki. Kadiri anavyoshuka, mazimwi yanazidi ukali. Njiani anaokota vitu: ngao, kofia za chuma, funguo, chupa za dawa ya majeraha. Ila mfuko wake ni mdogo, una vyumba vidogo vidogo kama trei ya mayai. Ukijaa, umejaa. Mimi nilidhani kazi ni kupigana. Dada akasema, “Hapana, kaka. Kupigana kila mtu anaweza. Kazi ni mfuko.”

Mngemwona! Alifungua sanduku, macho yakapita mara moja tu. “Ngao hii uzito wake unashinda faida yake, ibaki. Upanga tunao bora kuliko huu. Chupa hii ikae mbele, mkono uifikie upesi.” Kulikuwa na vazi la chuma linalong'aa kama dhahabu, akalipita bila kugeuka. Na alichokiacha alijua amekiacha wapi. Tulipokuta mlango umefungwa, alipanda juu akapita vyumba kadhaa, moja kwa moja mpaka kwenye ufunguo aliokuwa ameuweka nyuma ya pipa. Hakubahatisha hata kona moja. Nilimtazama jinsi madereva walivyokuwa wakinitazama mimi. Tangu ajali, hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipotamani kitu.

Akanipa mausi ya kompyuta. Masharti yalikuwa haya: kila nikiokota kitu niseme kwa sauti ni nini, nakiweka wapi, na kwa nini. Nikisahau, hanikumbushi. Anasubiri. Mwanzoni nilikuwa nakufa kila mara. Siku moja akaniambia, “Kaka, umekufa na dawa zote mfukoni. Ulikuwa unamtunzia nani?” Nikacheka. Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni lake. Akaliweka chini akajifuta macho kwa kanga, maana kicheko changu alishakisahau.

Nikaendelea hivyo kwa miezi. Sasa ikaja siku yenyewe. Wateja wa barua walijaa, dada akahamia kwenye taipureta. Akaniambia, “Leo shuka na mtu wangu.” Mtu wake wa ndani ya gemu! Aliyebeba kila kitu alichokikusanya tangu aje mjini. Nilishuka, nikashuka, mpaka mahali nisipowahi kufika. Zimwi likanitokea nyuma, nikafa.

Na katika gemu lile, ukifa vitu vyako vinabaki pale ulipoanguka. Wewe unaanzia juu kabisa, mikono mitupu. Ukifa tena kabla hujavifikia, ndiyo basi. Umeme ukikatika, ndiyo basi. Na umeme wetu mnaujua.

Nikasimama nikavaa kofia yangu. “Dada, nisamehe. Njoo uvifuate mwenyewe.”

Alikuja akasimama nyuma ya kiti. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi.

“Mimi nilikuwa nachapa,” akasema. “Njia siijui. Aliyepita huko ni wewe.”

Nikakaa. Nikafumba macho, na ndugu zangu, nikaviona vile nilivyoviacha njiani nikishuka. Kofia ya chuma yenye kutu, kwenye ngazi. Nikaifuata, ipo, nikaivaa. Halafu kisima, kushoto. Chumba cha mifupa, hapo niliacha chupa moja kwa sababu mfuko ulijaa. Ipo. Nikasema kila kitu kwa sauti, jasho linanitoka, mpaka nikafika. Zimwi limesimama juu ya vitu vyetu. Likanipiga, nikanywa ile chupa, safari hii sikumtunzia mtu. Mzee mmoja aliyekuja kuchapiwa barua akapiga kelele, “Chukua upanga, mwanangu! Upanga kwanza!” Nikachukua upanga. Nikachukua ngao. Zimwi likaanguka, nikaokota kimoja kimoja na kukirudisha kwenye chumba chake mfukoni, kama dada alivyokuwa amevipanga.

Dada akahifadhi gemu, akashusha pumzi. “Nilikuwa nimeshaviaga,” akasema.

Wiki ile nilikwenda kwa tajiri. Sikuomba kazi, niliomba rafu moja. Nikaipanga huku nikisema kwa sauti. Baadaye akanipa ya pili. Leo duka zima liko mikononi mwangu. Bado nasema kwa sauti, madereva wananicheka, na sura za watu bado zinanipotea. Lakini mwenye gari haondoki na plagi akitaka beringi.

Namshukuru tajiri wangu. Namshukuru mke wangu, aliyekataa kwenda kwao. Na ninyi mnaouguza, nawaomba jambo moja: mgonjwa wenu msimfanyie kila kitu. Tafuteni anachokijua yeye peke yake, mumwombe awaonyeshe njia.

Dada mwenyewe yupo humu, hataki nimwonyeshe kwa kidole. Juzi nilimuuliza, siku ile umeme ungekatika ungefanya nini?

Akasema, “Ningelia, kaka. Halafu tungeanza tena, mimi na wewe.”