Orval Ediger na Suke la Ngano la Ukurasa wa 71

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha lori la vitabu la maktaba yetu ya kaunti hapa Kansas, Orval Ediger anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Mei. Mara mbili kwa mwezi amezunguka mashamba yote yaliyo kati ya reli na mto, na amechelewa mara tatu tu: mbili kwa ajili ya theluji, na moja kwa ajili ya ng'ombe wa kina Stucky waliolala barabarani wakakataa kuamka. Mimi nimefanya kazi naye miaka ishirini na miwili kwenye dawati la kuazima. Nilipoombwa niandike maneno ya programu ya hafla hii ya kumuaga nilikubali kabla sijafikiri, kama kawaida yangu.

Orval hakuja kwetu kwa kupenda vitabu. Alikuja kwa ajili ya mgongo. Alikuwa dereva wa malori ya ngano, na daktari alipomkataza kubeba mizigo mizito akaona tangazo letu, akadhani vitabu ni vyepesi. Aliyewahi kubeba sanduku la vitabu anajua alivyojidanganya. Lakini alivumilia, akajifunza, na mwaka wa kwanza wote hakufungua hata kimoja.

Mwaka wa pili, mwezi wa Machi, theluji ilimkwamisha kwenye njia panda tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Chai ilipoisha kwenye chupa, alinyoosha mkono kwenye rafu iliyo karibu na kiti cha dereva. Rafu hiyo ndiyo ya riwaya za mapenzi za Kikristo, zile za zama za mababu, zenye msichana mwenye kofia ya kufungwa kwa utepe kidevuni akiwa amegeukia shamba la ngano. Gari la kusukuma theluji lilipomfikia, Orval alishusha kioo, akamwambia dereva mwenzake, "Ngoja kidogo, ndugu yangu. Padri wa harusi amechelewa na mtoto ana homa." Mwenzake akadhani ni watu wa kweli, akaharakisha kusukuma theluji ili wakawaokoe. Kisa hiki Orval anakikanusha. Dereva wa gari la theluji hakikanushi, naye leo yupo hapa, muulizeni.

Tangu hapo hakushikika. Alisoma rafu nzima, kisha akaanza upya. Wasomaji wake, wengi wao akina mama wenye umri wa kuheshimika, walimwamini kwa sababu hiyo. Bi. Elda Stucky alikuwa akipanda ngazi za lori huku akipaza sauti ili majirani wote wasikie: "Orval! Hiki ulilia ukurasa wa ngapi?" Naye alijibu bila aibu, "Mia mbili na kumi na moja, Bi. Elda. Chukua leso." Mara moja tu alikasirika, pale mwandishi mmoja alipowapandisha wakulima wa Kansas ngano ya majira ya baridi mwezi wa Mei, wakati ngano hiyo hupandwa Septemba. Aliwaandikia wachapishaji barua ya kurasa nne. Walimjibu kwa shukrani nyingi, wakamletea sanduku la vitabu, na kila kimoja alikikagua ngano kwanza ndipo akatazama mapenzi.

Sasa niseme yangu. Mimi sikuzipenda riwaya hizo, na sikulificha jambo hilo. Kila kitabu kilikuwa kile kile. Binti anashuka kwenye treni na sanduku moja na Biblia ya mama yake. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ana watoto wawili na uji unaoungua. Wanaoana kwa sababu ya watoto, wanakaa nyumba moja kama wageni, inakuja dhoruba, wanaomba, na ukurasa wa mia mbili na themanini anambusu, mara moja, mbele ya zizi. Nilikuwa nikimwambia Orval, "Lakini mwisho si unaujua tangu mwanzo?" Alikuwa akinijibu, "Naujua," kisha anaendelea kupanga vitabu vyake, na mimi nilidhani nimemshinda.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Februari, maktaba ilisafisha vitabu vyote vya lori. Vilikuwa na alama za penseli ndani: nukta, misalaba, herufi, miguu ya kuku, kila aina. Walikuja walimu wastaafu sita kujitolea, na mwalimu mstaafu akipewa kifutio humzuii. Kwa siku mbili walifuta vitabu mia nne na ushei, vikatoka safi kama sahani za Krismasi. Wengi wenu mmeamini miaka yote kwamba wazo lilikuwa la walimu hao. Hapana. Amri niliitoa mimi, Lorene Wedel, nikawapikia na kahawa. Nilidhani ni uchafu.

Haukuwa uchafu. Wasomaji wa lori walikuwa na desturi yao ambayo hakuna aliyewahi kutuambia sisi wa dawatini. Majalada ya riwaya zile yanafanana, majina yanafanana, na kompyuta yetu husahau msomaji mara kitabu kinaporudi. Ni vizuri isahau, maana anachosoma mtu ni siri yake. Basi kila mmoja alikuwa na ukurasa wake na alama yake, ili asiazime kitabu alichokwisha kukisoma. Bi. Elda alitia nukta ukurasa wa 40. Arvilla Schrag, ukurasa wa 71, alichora suke dogo la ngano lenye punje tatu. Wengine walitia alama walipokichukua kitabu. Arvilla hakufanya hivyo. Yeye alichora suke lake akishakimaliza.

Arvilla alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mumewe, Mzee Milo Schrag, hakuwa amesoma riwaya maishani mwake. Mwezi mmoja baada ya mazishi alipanda lorini akamwomba Orval amwonyeshe rafu ya mke wake. Akawa anafungua ukurasa wa 71, akikuta suke anachukua kitabu, asipolikuta anakirudisha. Kimoja kila lori lilipopita. Orval alilijua jambo hilo na hakumwambia mtu, hata mimi. Na ninavyojijua, alifanya vyema.

Lori lilipotoka safari ya kwanza baada ya usafi wangu, Mzee Milo alifungua kitabu, akakirudisha. Akafungua cha pili. Akapekua rafu nzima, kisha akaketi kwenye ngazi ya lori na kofia mkononi. Orval ananiambia alisema, "Orval, mke wangu wamemfuta."

Siku ile Orval aliingia maktaba bila kuvua kofia, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Akasimama mbele ya dawati langu.

"Lorene, nani amefuta vitabu vyangu?"

"Ni mimi nilisema vifutwe. Kwani kuna nini?"

Akanieleza. Nilianza kulia. Nikasema nitamwandikia Mzee Milo barua, nitakwenda kwake, nitampigia magoti.

"Barua ya nini?" akasema Orval. "Barua itarudisha kitu? Acha kulia, mama, tafuta tochi."

"Tochi ya nini tena?"

"Wewe ulishawahi kuona mwandiko wa Arvilla? Yule mama alikuwa anaandika kama anachimba kisima. Lebo za chupa zake za jemu unaweza kuzisoma kwa kidole."

Tulifunga mapazia ya chumba cha mikutano saa nane mchana. Orval alishika kitabu, mimi nikalaza tochi kando ya ukurasa, mwanga ukapita juu ya karatasi kwa ubavu. Kitabu cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Tulipofika cha kumi nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Niliona uso wa Mzee Milo kwenye kila karatasi tupu, na sikujua nitamtazamaje kanisani maisha yangu yote yaliyobaki. Cha kumi na mbili, chini ya namba ya ukurasa, kikatokea kivuli chembamba kuliko unywele. Bua, kisha punje tatu. Kifutio kilikuwa kimeondoa risasi ya penseli, lakini mtaro aliouchimba Arvilla ulikuwa pale pale. Sijawahi kushusha pumzi kama ile, hata daktari aliponiambia uvimbe wangu si kitu.

Ilituchukua wiki tatu, kila siku kwa muda wa saa moja. Hatukuzichora upya alama sisi wenyewe. Orval alikataa katakata. Alikwenda kumchukua Mzee Milo kila Jumatatu, naye alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akaketi mezani karibu na dirisha, na mimi nilikuwa na kazi moja tu, kumchongea penseli. Alipita juu ya kila mtaro polepole, punje moja baada ya nyingine. Mkurugenzi wetu alikuwa mgeni wakati ule, na kanuni inayokataza kuandika ndani ya vitabu alikuwa ameibandika yeye mwenyewe ukutani. Alifungua mlango, akatazama, akasema, "Mimi sijaona kitu," akaufunga.

Jumatatu ya pili sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimekwisha kumwomba Mzee Milo msamaha, na alikuwa amenisamehe kabla sijamaliza sentensi, lakini bado nilitaka kuelewa.

"Mzee Milo," nikamwambia, "usinichukie. Lakini vitabu vyenyewe! Mwisho si unajulikana tangu mwanzo?"

"Ndiyo maana navisoma, binti yangu," akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye penseli. "Arvilla aliugua miezi kumi na minne. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza unajisikiaje, anakuuliza wewe umekula. Kwa hiyo siku zile nyingi mimi sijui moyoni alikuwa na hali gani. Lakini hapa penye suke, alifika mwisho. Na mwisho wa vitabu hivi ni mmoja. Basi najua kwamba alipokifunga hiki, kwa dakika ile, alikuwa na furaha. Hiki pia. Na hiki."

Orval alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati, ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani. Mimi jioni ile nilibeba kitabu kimoja nyumbani. Binti alishuka kwenye treni, uji ukaungua, dhoruba ikaja. Nilijua kila kitu kitakachotokea, na kilipotokea nililia kama mtoto na kulala usingizi mzuri. Sijakiri jambo hili mbele ya Bi. Elda mpaka leo.

Nimalizie kwa jambo ambalo Orval angependa nisilitaje. Haki yake ya kustaafu aliipata miaka mitatu iliyopita. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na mkewe alikwisha kununua hema la kwenda milimani. Kila mara mkurugenzi alipomuuliza, alijibu kwamba kiti cha lori bado ni kizuri. Kile kiti si kizuri. Alikuwa anamsubiri Mzee Milo afike kwenye suke la mwisho, kwa sababu hakutaka mtu mwingine awe mlangoni siku hiyo.

Siku hiyo ilifika mwezi wa Machi mwaka huu. Orval aliniambia asubuhi kabla hajaondoka, na siku nzima sikufanya kazi ya maana. Tuliogopa, nawaambieni kweli. Mtu aliyetembea miaka saba nyuma ya mke wake, ukurasa kwa ukurasa, akifika pale nyayo zinapoishia atafanya nini?

Mzee Milo alipanda ngazi, akarudisha kitabu, akasimama mbele ya rafu.

"Ndicho cha mwisho, Orval."

"Najua, Mzee Milo."

"Basi nipe kingine. Safari hii nichagulie ambacho hakukisoma."

Orval akamuuliza kama ana hakika.

"Nina miaka themanini na tisa, kijana. Siku si nyingi nitamwona. Unataka nimwendee mikono mitupu? Nataka niwe na cha kumsimulia."

Orval alimchagulia kizuri, chenye ngano iliyopandwa kwa wakati wake. Saa kumi alirudi, akavua kofia, akaweka funguo za lori mezani kwangu na kuniomba fomu ya kustaafu. Nilimwona mtu aliyetuliwa mzigo. Mzee Milo ameniruhusu niandike haya yote. Leo ameketi mstari wa pili, na ameshafika kitabu cha nne.

Orval, asante kwa maili zote ulizokwenda, kwa masanduku yaliyokuumiza mgongo, kwa siri ulizozitunza, na kwa ile tochi. Watu wa dawati la kuazima, watu wa lori, na mimi niliyekudhihaki miaka kumi na sita, tunakutakia mwisho kama wa vitabu vyako, na kurasa nyingi, nyingi sana, kabla hujaufikia.