Figo ya Dada na Sufuria ya Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu bila kushika tumbo!

Wengi mnanijua. Nilikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Figo zangu zilikufa nikiwa bado kijana, na dada yangu Paulina, aliyeolewa kijiji cha Daudi, akanipa moja ya zake. Tulipasuliwa ng'ambo, tukarudi wazima. Nikapanda tena kombaini!

Ndipo shetani akapitia tumboni. Nikaanza kuharisha damu. Nilikonda hadi suruali nikaifunga kwa kamba. Katikati ya mavuno nasimamisha mashine, nakimbilia kwenye ngano isiyokatwa, wenzangu wanacheka. Mimi nalia. Nilijua mwili ukikauka maji, figo ya dada itakufa, nami nitaifuata.

Mama, kwa upendo wote, alifanya tunavyofanya sisi wafugaji: tumbo likichafuka, lisafishwe. Akachemsha supu ya mizizi, sufuria nzima. Nikanywa, nikaharisha maradufu! Wazee wakasema mwili umekataa nyama ya mtu mwingine, niache hata vidonge vya hospitali vya kuilinda figo.

Ndugu zangu, Mungu akamleta Paulina! Aliingia, akainama mbele ya mama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia. Kisha dada akabeba ile sufuria, akaenda kuimwaga nje, wazee wote wanamtazama.

"Mama, nisamehe," akasema. "Lakini hii figo ni yangu, na sikuitoa ije izikwe hapa Balangdalalu."

Tukaenda hospitali kubwa, yeye akiomba njia nzima. Daktari akaingiza mpira wenye taa, akaona utumbo umevimba na kujaa vidonda. Akasema ni ugonjwa wa utumbo wenyewe, na kwa watu waliopandikizwa kiungo hutokea kwa nadra sana. Figo ilikuwa ingali nzima! Haleluya! Wakanitundikia maji, wakabadilisha dawa, damu ikakoma.

Msimu uliofuata nilivuna hadi mwisho wa shamba bila kushuka. Siku hizi mama ndiye anayenikumbusha vidonge, tena kwa ukali.

Wewe uliyekata tamaa, mtumaini Bwana, na umpokee anayemtuma, hata akija kumwaga sufuria yako. Dada yangu yuko pale nyuma. Mpaka leo hanisalimii kama watu wengine, huuliza tu, "Figo yangu haijambo?"

Dada, simama wakuone. Haijambo!